Kabla ya kukazwa uso, uliza kinachovutwa ni nini

Ukisoma matangazo ya upasuaji wa kukaza uso utadhani kuna aina mia moja. Kuna "mini", kuna ya wikendi, kuna ya saa ya chakula cha mchana, na daktari mwenye ukurasa wake mtandaoni hakosi moja aliyoibatiza mwenyewe. Sina ugomvi na biashara ya mtu, ila mengi ya majina hayo hayakuambii kitu. Cha kuuliza ni hiki: daktari anakwenda kuvuta tabaka gani?

Maana uso una matabaka. Juu kuna ngozi, kisha mafuta, kisha utando mgumu ulioungana na msuli mpana wa shingo. Utando huo madaktari huuita SMAS, na ulielezwa na madaktari Mitz na Peyronie mwaka 1976. Chini yake hupita matawi ya neva ya uso, ile inayokuwezesha kutabasamu na kufumba jicho.

Mwanzoni mwa karne ya 20, operesheni hizi zilipoanza Ulaya, waliishia kwenye ngozi: wanakata, wanavuta, wanashona. Lakini ngozi hutanuka. Kuitegemea ibebe shavu zima ni sawa na kukaza shuka juu ya godoro lililobonyea. Baada ya muda hulegea tena, na kabla haijalegea hukuachia mdomo uliovutwa upande na ndewe zilizoburutwa chini hadi zikagandamana na shavu. Kama unataka kujua kazi ilifanywa vipi, tazama ndewe.

Ndiyo maana siku hizi mzigo hubebeshwa SMAS. Wapo wanaoikunja na kuishona, wapo wanaokata kipande chake na kuunganisha kingo, wapo wanaoibandua na kuipandisha. Halafu kuna mbinu ya tabaka la kina, aliyoichapisha daktari Sam Hamra wa Marekani mwaka 1990: daktari hupita chini ya SMAS, hukata kano fupi zinazoshikilia uso kwenye mfupa, kisha ngozi, mafuta na utando hupanda kwa pamoja. Hii ndiyo inayovuma sasa, na mashabiki wake huizungumzia kana kwamba nyingine zimepitwa na wakati. Mimi sijashawishika. Watafiti waliolinganisha mbinu hizi hawajakubaliana kwamba moja inazishinda zote, na huko chini ndiko ziliko neva. Afadhali mkono uliozoea kukunja SMAS kuliko mkono mgeni unaokwenda kina kwa sababu wateja wameisikia.

"Mini" nayo ina kazi yake. Kovu ni fupi, mara nyingi linaishia karibu na ndewe bila kuzunguka sana nyuma ya sikio, na kwa mtu ambaye taya ndiyo kwanza inaanza kulegea inatosha. Lakini haiisaidii shingo sana. Kinachoniudhi ni kuona mwenye shingo iliyolegea anauziwa hiyo kwa sababu jina halitishi, wakati yeye alihitaji msuli wa shingo ushonwe kutoka chini ya kidevu.

Nyuzi zenye vijimiiba, zinazopitishwa chini ya ngozi ili kuivuta, si operesheni ya kukaza uso, hata tangazo likisema ni hiyo. Nyingi huyeyuka, na mvuto wake haudumu. Sindano za kujaza huongeza ujazo tu.

Jambo lingine ambalo matangazo hulipitia haraka: hakuna hata moja kati ya hizi inayofuta vijimikunjo vya juu ya mdomo wala madoa ya jua. Hayo ni ya leza au dawa za kuchubua ngozi. Kope na paji la uso nazo zina operesheni zake.

Hatari inayojitokeza zaidi ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza, na wanaume huipata zaidi ya wanawake. Mvutaji sigara anaweza kufiwa na ngozi nyuma ya sikio kwa kukosa damu, kwa hiyo daktari anayekubali kukupasua bila kukuuliza kuhusu sigara, mkimbie. Ganzi kwenye sikio ni ya kawaida. Udhaifu wa misuli ya uso hutokea mara chache, na mara nyingi hupona. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, aseme mapema. Mwanamume aulize mkato utapita wapi, la sivyo ngozi yenye ndevu itasogezwa hadi kwenye kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, na atakuwa akinyoa sikio maisha yake yote.

Kisha omba picha. Si za wiki ya sita, bali za mwaka mmoja baadaye, kwa mwanga uleule, nywele zimefungwa nyuma, na mgonjwa amepigwa picha kwa upande ili kovu na ndewe vionekane. Na muulize ni wagonjwa wangapi aliwarudisha chumba cha upasuaji usiku uleule kwa sababu ya damu. Akikujibu hajawahi kumrudisha hata mmoja, muulize amefanya ngapi.