Twiga Mmoja, Tagi Arobaini

Ukitaka kumpandisha presha fundi wa tovuti hapa Arusha, huna haja ya kumkopa hela. Mtumie tu ujumbe WhatsApp saa tatu usiku: “Kaka, tagi haikubali.” Umemaliza. Husemi ni tovuti gani, husemi umebonyeza nini, husemi kimetokea nini. Haikubali! Kwani umeipelekea posa?

Aisee, hilo “haikubali” watu wamelitwisha matatizo matatu ambayo hayafahamiani hata kwa sura. Kuna tagi (lile neno la mada unalobandika kwenye makala) isiyohifadhiwa: umeiandika, umetoka, na yenyewe imetoka. Kuna iliyohifadhiwa salama lakini msomaji haioni. Halafu kuna ile inayoonekana, imekaa vizuri chini ya makala, ukiibofya unatupwa kwenye 404, yaani ukurasa haupatikani. Mtu hajajua lake ni lipi, tayari ameshaanza kuzima plagini, zile programu za nyongeza, moja baada ya nyingine, tovuti imekuwa nyeupe pe, ndipo anakumbuka kwamba duniani kuna mafundi.

Na mji wenyewe ndio huu. Kuanzia Mnara wa Saa mpaka Njiro, ghorofa lisilo na ofisi ya safari linatafutwa kwa tochi. Moshi nako hawajambo. Kila ofisi ina tovuti, kila tovuti ina makala ya “Siku 6 Machame”, na kila makala ina tagi zilizowekwa na mtu mwenye haraka. Kazi ya tagi ni ndogo tu, jamani: mgeni anayesoma habari za Lemosho, njia ya kupandia Kilimanjaro kama Machame, abofye neno Lemosho, aletewe makala zote za Lemosho, asiletewe bei ya boti ya Zanzibar. Hiyo tu.

Tuanze na koma, maana koma imewaumbua wengi. WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi za aina hii, inatenganisha tagi kwa koma au kwa kitufe cha Enter. Haijui nukta-mkato (;), haijui mkwaju (/), haijui neno “na”. Sasa mtu anaandika Serengeti; Ngorongoro; Tarangire; Manyara, anaridhika, anafunga kompyuta akanywe chai. Alichopata ni tagi moja yenye mbuga nne ndani yake, na WordPress imeipokea bila kinyongo, kwa sababu jina la tagi linaruhusiwa kufika herufi 200. Baadaye anauliza mbona akibofya Tarangire haiji peke yake. Itakujaje peke yake na umeifungisha ndoa ya mitala?

Halafu kuna mkosi wa neno la mwisho. Kwenye kihariri cha bloku, kile kilichokuja na WordPress 5.0 Desemba 2018, tagi imeingia pale tu neno linapogeuka kuwa kipande chenye alama ya x pembeni. Ulilolichapa ukaliacha bila koma wala Enter bado ni maandishi matupu. Watu wanaweka koma katikati vizuri kabisa, la mwisho wanaliacha wazi, kwa sababu shuleni walifundishwa sentensi haimaliziki kwa koma. Dada, kompyuta haikusoma na wewe. Bonyeza Enter.

Umeme nao una mchango wake. WordPress hujiwekea nakala yenyewe, kwa kawaida kila baada ya sekunde 60, na watu wanaitegemea hiyo kuliko wanavyomtegemea mlinzi wa usiku. Lakini nakala ile inabeba kichwa, matini na muhtasari. Tagi haibebi. Umeme ukikata ukarudi, unakuta aya zako zote za kusifia machweo zipo, tagi ulizoongeza hazipo, na mdogo wako anaanza kutukanwa eti alichezea kompyuta. Hakuchezea. Kuanzia leo, ukimaliza kuweka tagi bonyeza Save draft kama ni rasimu, au Save (matoleo ya zamani huandika Update) kama makala iko hewani tayari, ndipo urudi kwenye machweo yako.

Wengine wanalalamika sanduku la tagi lenyewe halipo. Angalia kwanza unaandika nini. WordPress ina Posts na ina Pages, na Pages hazina tagi, ndivyo zilivyoumbwa. Ukiandika ratiba ya Marangu kama Page utalitafuta sanduku hilo mpaka mvua za masika. Kama ni Post na bado hulioni, bofya nukta tatu juu kulia, ingia Preferences, tafuta orodha ya paneli, washa Tags. Wenye kihariri cha zamani wanafungua Screen Options juu ya ukurasa, wanaweka tiki. Kazi ya dakika moja, na kuna ofisi zinaishi bila tagi mwaka mzima kwa sababu ya tiki.

Ila kuna kisa kingine, na hiki kinawahusu hasa wenye kampuni za safari. Themu nyingi za utalii, yaani mavazi ya tovuti, huja na aina yake ya makala, inaitwa Tours au Trips, siyo Post wala Page. Kama aliyeitengeneza hakuiunganisha na tagi, sanduku halitatokea hata ukeshe. Inabidi kuongeza mstari wa register_taxonomy_for_object_type kwenye faili la functions.php la themu mtoto, ile ndogo inayorithi themu kuu. Siyo ya themu mama, nakuomba, maana siku mama akisasishwa mstari wako unafagiwa. Na hata ukishaunganisha hujamaliza: ukurasa wa tagi kwa kawaida huita Posts peke yake, kwa hiyo Tours zako zitakuwa na tagi na bado hazitaonekana humo mpaka mtu aongeze mistari ya pre_get_posts. Hapo ndipo bosi anasema, “Si kuweka tiki tu?” Hapana bosi. Ya tiki ni ile ya juu. Hii ina bei.

Sasa ile ya kubonyeza Save au Update ikaandika Updating failed. Watu wote wanatazama bando. Sawa, tazama bando, huenda limekata kweli. Lakini kama YouTube inacheza na WordPress inagoma, shida iko kwingine. Kihariri cha bloku kinaongea na seva kupitia REST API, na plagini ya ulinzi iliyofungwa kwa woga inaweza kuiziba njia hiyo. Ingia Tools, fungua Site Health, itakwambia yenyewe kama REST API inapitika. Ukiona maneno ya kwamba jibu si JSON halali, nenda Settings, General, tazama anwani mbili za tovuti kama zote zinaanza na https. Moja ikiwa http nyingine https, hapo pana ugomvi. Kisha nenda Settings, Permalinks, usibadilishe kitu, bonyeza Save Changes utoke.

Hiyo Save Changes ya Permalinks ndiyo pia dawa ya kwanza ya tagi inayokupeleka 404. Watu hawaamini. “Yaani nisibadilishe chochote, nihifadhi tu?” Ndiyo, mzee. Ukihifadhi, WordPress inaandika upya kanuni za viungo vyake, na tagi iliyokuwa imepotea njia inafika. Isipofika, angalia kama kuna plagini ya SEO, ya kuisaidia tovuti ionekane Google, iliyozima kurasa za tagi; kuna anayesoma ushauri mtandaoni Jumatatu, anazizima, Ijumaa amesahau, Jumamosi anampigia fundi.

Tagi iliyohifadhiwa lakini haionekani ina kipimo rahisi, na sijui kwa nini watu hawakitumii. Mwisho wa anwani ya tovuti yako andika /tag/lemosho. Makala zikija, tagi ipo, mzima wa afya, tatizo ni onyesho. Hapo kuna mambo mawili. Ama themu haina sehemu ya kuonyesha tagi, na kwa themu za bloku unaingia Appearance, Editor, Templates, unafungua ile ya makala moja unaongeza bloku ya Tags. Ama ni kache, ile nakala ya ukurasa iliyowekwa akiba. Kache inaendelea kumpa msomaji ukurasa wa juzi, nawe unabadilisha wa leo. Safisha ya plagini, kisha ya CDN (seva za nje zinazosambaza nakala za tovuti yako) kama unayo, kisha ya simu yako, halafu fungua kwa dirisha la faragha au simu ya jirani. Anayejitazamia kwenye kivinjari kilekile alichoingilia kama msimamizi asije akaniambia “kwangu inaonekana”. Kwako itaonekana tu, wewe umeingia kama mwenye nyumba!

Na ukiitafuta kwenye wingu la tagi pembeni usiione, usilie. Wingu huonyesha tagi 45 usipoibadilisha, zile zenye makala nyingi. Wewe una 300, nusu yake zina makala mojamoja. Wapi utaiona?

Hapo ndipo tunafika kwenye kero yenyewe. Kila mtu ana tahajia yake. Ngorongoro, Ngorogoro, Ngorongoro Crater, NgorongoroCrater. Kilimanjaro, Mt Kilimanjaro, Mlima Kilimanjaro, Kili. Mlima mmoja wa mita 5,895, tagi nne! Kwenye WordPress herufi kubwa na ndogo hazigombani sana, Serengeti na serengeti huhesabiwa kitu kimoja. Kwenye Blogger, jukwaa la blogu la Google ambalo tagi huziita lebo, zinagombana: Safari na safari ni lebo mbili, kila moja na chumba chake. Na Blogger haibembelezi, lebo 20 kwa makala moja, tena zote pamoja zisizidi herufi 200. Ukizidisha inakataa, na hapo sasa ndiyo inakataa kweli.

Anayeweka alama ya reli (#) mbele ya tagi za tovuti yake naye asikose kutajwa. Alama ile Chris Messina aliipendekeza kwa ajili ya Twitter tarehe 23 Agosti 2007, ili neno lijulikane katikati ya sentensi. Kwenye sanduku la tagi neno linajulikana tayari, sanduku lenyewe limeandikwa Tags. Wala huna haja ya kubananisha maneno, nafasi inaruhusiwa: andika Mlima Meru, si MlimaMeru.

Kuziunganisha tagi zilizokosewa WordPress haina kitufe, kwa hiyo usikitafute. Fungua Posts, kisha Tags, tafuta ile mbovu, bofya tarakimu ya idadi iliyo mwisho wa mstari wake. Itakuletea makala zake zote. Orodha huonyesha makala 20 kwa ukurasa, kwa hiyo panua kwanza kwenye Screen Options, la sivyo utarekebisha 20 na kuacha nyingine zikikuchungulia. Weka tiki zote, chagua Bulk actions, Edit, Apply, andika tagi sahihi, Update. Tagi mpya inaongezwa, ya zamani haiondoki. Ndipo unarudi kwenye Tags unaifuta ile mbovu. Makala hazifutiki, tulia. Kinachokufa ni anwani ya tagi ya zamani, na kama kuna mtu aliiweka kiungo mahali, ielekeze kwenye mpya.

Sasa idadi. Mtu ana makala ya matembezi ya siku moja maporomoko ya Materuni, pale juu ya Moshi, na kahawa ya kutwanga. Tagi zake: Materuni, kahawa, Kilimanjaro, Serengeti, Zanzibar, fungate, Simba, Gorila. Gorila! Materuni! Gorila Tanzania nzima hakuna, mgeni akiwataka apande gari aende Rwanda au Uganda. Ni yuleyule konda wa kifodi anayeita “Sakina, Kwa Iddi, Ngaramtoni!” na gari linaishia Sakina. Abiria anashuka amenuna, na kesho hapandi.

Wanadhani wingi wa tagi unaivuta Google. Nani aliwaambia? Kwanza wanachanganya tagi na yale maneno muhimu yanayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, na hayo nayo Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Tagi za WordPress ni kitu kingine: kila moja inatengenezewa ukurasa wake. Ukiweka tagi arobaini kwenye makala ya twiga mmoja, na tagi hizo huzitumii kwingine, umezaa kurasa arobaini, na ndani ya zote yuko yuleyule twiga, picha ileile, anatafuna mgunga uleule. Walioko WordPress.com ndio kabisa: tagi na kategoria zikizidi 15 kwa jumla, makala haipelekwi kwenye orodha za pamoja za Reader, sehemu yao ya kusomea blogu mbalimbali. Kwa hiyo umeongeza ili uonekane, ukafichwa. Nne au tano zinatosha, na ile ambayo huna makala ya pili ya kuipa, iache kwanza.

Nakujua, hutanisikiliza, utapiga simu. Piga. Ila kabla ya simu tuma kiungo cha makala, jina la tagi kama ulivyoiandika, na useme ni ipi kati ya zile tatu: haihifadhiwi, haionekani, au haifunguki. Na picha ya skrini iwe ya skrini, tafadhali. Siyo monita iliyopigwa kwa simu kutokea mlangoni, mwanga wa dirisha umeimeza nusu, kidole kimeziba palepale penye ujumbe wa kosa, na pembeni mtoto anakula ndizi anatabasamu.