Kiyemba: toni iandikwe yote, au iachwe?

Kaza silabi ya pili ya "barabara", umesema sawasawa. Kaza ya tatu, umetaja njia ya magari. Maneno yote mawili tunayaandika kwa herufi zilezile na hatupotei, maana jozi za namna hiyo kwetu ni za kuhesabu. Kwa Wabamileke wa Dschang, magharibi mwa Kamerun, jozi hizo zimejaa tele, ila kinachozitenganisha ni toni, yaani sauti kupanda au kushuka.

Lugha yao, Kiyemba, ni jamaa wa mbali wa Kiswahili. Mbwa kwao ni mbhʉ. Ila mizizi mingi ya maneno yao imelika ikabaki silabi moja, na mzigo uliobebwa na silabi zilizopotea umeangukia kidatu cha sauti. Ajabu ni kwamba silabi ilikufa, toni yake haikufa. Inaelea bila irabu ya kuikalia, huku ikiisukuma toni ya neno jirani juu au chini. Sema kitu fulani "cha" mtu fulani, na nomino inaweza kutoka na toni tofauti na ile iliyokuwa nayo peke yake.

Alfabeti ya Jumla ya Lugha za Kamerun ilikubaliwa mwaka 1979. Kwa herufi zake sina ugomvi. Sauti inayoanza neno letu "ng'ombe", wao wanaiandika ŋ, na wana sababu: kile kialama cha juu tunachokitia katika ng' wao wanakihitaji kwa mkato wa pumzi kooni. Ugumu uko kwenye toni. Katika tahajia ya Kiyemba toni huandikwa kila mahali, ila ya chini tu ndiyo inayoachwa wazi.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito. Kidatu kikibadilika, wakati wa kitenzi nao unaweza kubadilika, na maandishi yanayonyamaza hapo yanamwachia msomaji akisie. Tena Wavietnamu wanaandika toni zao zote na wanasoma vizuri tu.

Lakini mwaka 1999 mwanaisimu Steven Bird alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya na wasemaji wa Dschang wenyewe. Alama za toni ziliwapunguzia kasi ya kusoma, na hazikuwasaidia kutambua maneno yenye utata. Walipoambiwa waziweke wenyewe, wazoefu walipatia asilimia 83.5. Wasio wazoefu walipata 53, kiwango ambacho wangekikaribia hata kama wangeacha maandishi matupu. Takwimu hiyo inaniuma, kwa sababu hawa si wageni wa lugha; ni watu wanaoisema nyumbani kwao.

Mfano wa Vietnamu nadhani haufiki mbali. Kule neno kwa kawaida hukaa na toni yake popote liendapo, kwa hiyo jicho hulizoea umbo moja. Kiyemba kikiandikwa kama kinavyosikika, neno lilelile linavaa alama hizi katika sentensi hii na nyingine katika ile, na jicho halina cha kuzoea. Ongeza simu: ɔ yenye alama ya toni haina nafasi yake moja katika Unicode, orodha ya herufi inayotumiwa na simu na kompyuta. Lazima uandike herufi, kisha alama, na kwenye fonti nyingine alama hiyo huhamia pembeni.

Mimi naegemea upande wa alama chache, ziwekwe pale ambapo wakati wa kitenzi unategemea toni tu, na nomino ziachwe na umbo moja. Hata hivyo jaribio lile halinitoshi kufunga mjadala. Kule Kamerun wengi hujifunza kusoma kwa Kifaransa au Kiingereza, lugha zisizowafundisha kuangalia toni. Kwa Wakom, majirani wao wa kaskazini-magharibi, mradi ulioanza 2007 katika wilaya ya Boyo uliwafundisha watoto kwa Kikom miaka 3 ya kwanza ya shule, na waliwapita wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza. Watoto wa Dschang walioanza kusoma kwa Kiyemba, na alama zake zote tangu siku ya kwanza, ndio ningependa wapimwe.