Lenzi ya Laki Mbili na Bafu la Jirani

Kesi yangu ilisikilizwa kwa mjumbe saa tatu asubuhi. Darubini ililetwa na vijana wawili wameibeba begani kama jeneza, na mimi nikiifuata nyuma kama mfiwa. Shtaka: kumchungulia mke wa mtu akioga. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nina miaka 48, na mke wangu, Mama Neema, alikuwa amekaa upande wa walalamikaji.

Yote hayo kwa sababu nilitaka kukiona Kilimia, lile kundi la nyota, kizima.

Darubini niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Mpwapwa. Kioo chake kina upana wa milimita 200 na urefu wa fokasi, yaani umbali toka kioo hadi picha ya nyota inapotulia, wa milimita 1000. Gawanya, unapata 5. Wenye fani huiita darubini ya kasi, ingawa haijawahi kwenda popote bila kubebwa. Ilikuja na lenzi moja tu ya jicho, ya milimita 10, inayokuza mara 100. Kwa mwezi, raha tupu. Kwa Kilimia, ni kama kutazama harusi kwenye tundu la ufunguo: unaona kiatu cha bibi harusi, basi.

Ili kuona anga pana unahitaji lenzi yenye namba kubwa, maana ukuzaji unaupata kwa kugawa 1000 kwa namba ya lenzi. Palikuwa na ya milimita 32, aina ya Plössl, bei ya mtu wa kawaida. Nikaipita kama mtu anavyoipita mihogo akisikia harufu ya pilau. Nikaagiza ya milimita 40, pana ya inchi mbili, shilingi laki mbili na ishirini. Mama Neema nikamwambia elfu themanini.

Ilipofika nilidhani wamenitumia kopo la maziwa ya unga. Nzito! Jioni hiyo ya Novemba hapakuwa na mwezi, Kilimia kimepanda mashariki, nikawaita watoto wa mtaa na bibi wa jirani, mama yake Baba Zawadi, anayejua habari za Kilimia na msimu wa kulima kuliko mimi na chaki yangu.

Mtoto wa kwanza akachungulia, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, nyota zina mabawa."

Nikamsogeza. Ni kweli. Katikati nyota zilikuwa nyota, lakini kuanzia nusu ya njia kwenda pembeni zilikuwa zimetanua mbawa kama shakwe wa Pwani. Kwenye darubini ya kasi mwanga huingia kwenye lenzi kwa pembe kali, kama bodaboda anayekata kona bila kupunguza mwendo, na lenzi pana yenye muundo rahisi kama ile haiwezi kona hiyo. Ingekuwa darubini ya 10 badala ya 5, ingejikongoja.

Bibi naye akainama, akashika kiuno, akatazama muda mrefu. "Mwalimu, Kilimia cha enzi zetu kilikuwa kinatulia. Hiki kinahama."

Nikawakaribisha chai, nikaingia ndani kufuata vikombe. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na halikuwa langu, lilikuwa la uzito. Katika darubini hizi za Dobson, ambazo bomba hukaa kwenye kiti chake bila kufungwa, kwa mizani ya uzito tu, lenzi hukaa kando ya mdomo wa bomba, kule mbele. Ukiweka kopo la maziwa mdomoni, mdomo unainama. Bomba likashuka taratibu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano, likatulia likielekea uwanja wa Baba Zawadi, kwenye bafu la mabati lisilo na paa, lenye balbu juu ya nguzo.

Nimerudi, nimeinama, nimeweka jicho. Mungu wangu! Mduara mkubwa wa manjano, unang'aa, na tundu jeusi katikati. Sijawahi kuona kitu kama kile kwa darubini yangu. Nebula, wingu la huko kwenye nyota! Tena mpya! Nikapiga kelele, "Njooni! Njooni nyote! Nimeipata!"

Wakati huohuo Mama Zawadi alikuwa anatoka bafuni na kanga yake na ndoo. Alichokiona ni mwalimu wa watoto wake ameinamia bomba lililomwelekea, akiwaita watu waje.

Ile yowe waliisikia hadi stendi.

Basi, asubuhi mjumbe akasema yeye hahukumu kwa maneno, atatazama mwenyewe. Tukahamia uwanjani kwangu. Jua nikaliwekea mgongo, maana kulitazama jua kwa chombo kile ni kuaga macho. Bomba tukalielekeza bafuni kama lilivyokuwa.

Mjumbe akafumba jicho moja. "Mbona katikati pana shimo?"

Nikapata uhai. Nikamweleza: ndani ya bomba kuna kioo kidogo kinachokaa katikati ya njia ya mwanga. Lenzi yangu hutoa kisahani cha mwanga cha milimita 8, na kivuli cha kioo kile kimo katikati ya kisahani. Usiku mboni ya jicho ikifunguka hukioni. Mchana mboni imefinyana, kivuli kinaifunika karibu yote.

"Na ukungu huu?"

Bafu liko hatua ishirini, mzee. Hii imetengenezewa nyota. Ili picha ya bafu itulie, lenzi ingebidi itoke nje sentimita nyingine saba, na haina pa kutokea. Ndiyo maana balbu yenu niliiita nebula.

Baba Zawadi akatazama, akaona ukungu na shimo. Mama Zawadi akatazama, akaonekana amechukia kidogo zaidi kuliko mwanzo. Mjumbe akataka kuona kitu cha mbali, tukaelekeza mbuyu ulio chini ya kilima. Nikamwonya kwamba darubini hii hugeuza vitu kichwa chini. Akautazama kwa kuzungusha kichwa kukwepa shimo. "Mbona huu umesimama sawasawa?"

Nikaachiwa. Na ningeenda zangu salama, ila mjumbe akauliza, ili aandike kwenye daftari, kielelezo hiki thamani yake kiasi gani. Mbele ya watu, na risiti iko kwenye boksi.

"Laki mbili na ishirini."

Mama Neema hakusema neno. Akainuka, akaenda kukaa vizuri zaidi na Mama Zawadi.

Usiku ule nililala sebuleni nikipiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla. Kisahani cha milimita 8, mboni yangu ya uzeeni ikijitahidi labda 6: mwanga mwingine unamwagika shavuni. Kwa mara 25, nilikuwa natumia milimita 150 tu za kioo cha 200. Nilikuwa nimelipa laki mbili kuipunguza darubini yangu.

Sasa nina Plössl ya 32. Inakuza mara 31, inaonyesha kama digrii moja na nusu, Kilimia kinaingia, na bomba halisinzii. Pembeni bado nyota mbili tatu zinapunga mkono, lakini haziruki.

Ile ya 40 iko kwa mjumbe. Amegundua kwamba ukiishika mkononi ni miwani safi ya kukuza, anasomea maandishi madogo ya boksi za dawa. Kila nikienda kuiulizia ananikaribisha kiti na kuniambia ni kielelezo, na kesi bado haijafungwa.