Nyumba ya Kiwandani Ina Sura ya Nani?

Kampuni moja inayounda nyumba kiwandani iliniita niibunie utambulisho wa mwonekano. Kazi yenyewe nimeizoea: nembo, rangi, fonti, vipeperushi, maandishi ya ubavuni mwa malori. Ila mkurugenzi alitaka zaidi ya hapo. Alitaka mpita njia aitazame nyumba akiwa mbali na aseme bila kusita, hii ni ya fulani. Nikamchorea mkanda mweusi wa chuma unaozunguka mlango wa mbele na kupanda hadi paani. Aliupenda, nami niliupenda vilevile.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kuitazama mojawapo ya nyumba za mwanzo, ikiwa imeshapata wenyewe. Mkanda sikuuona. Mwenye nyumba alikuwa ameufunika kwa mbao alizozipiga randa kwa mkono wake, akazitia mafuta, na chini yake akaweka benchi la kuvulia viatu. Nilipomuuliza sababu, akasema kila alipokuwa akirudi kutoka kazini alijihisi anaingia dukani.

Tangu siku hiyo swali halijanitoka: nyumba ikitoka kiwandani, sura yake ni mali ya nani? Ya aliyeiunda, au ya anayelala ndani?

Wenye viwanda wana hoja nzito na sipendi zipuuzwe. Ya kwanza ni imani. Mtu akisikia nyumba ya kiwandani, akilini kinamjia kibanda cha muda, na shaka hiyo haikuzuka hewani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilijenga zaidi ya nyumba 150,000 za namna hiyo zikikusudiwa kukaa kama miaka 10. Nyingi zilidumu miongo kadhaa, lakini watu walilishika lile neno "muda" na hawajaliachia. Kisha ikaja Ronan Point, jengo la ghorofa 22 jijini London lililounganishwa kwa paneli kubwa za zege zilizotengenezwa kiwandani. Tarehe 16 Mei 1968, wapangaji wakiwa wamehamia karibuni tu, gesi ililipuka katika ghorofa ya 18, paneli za kona zikaachia moja baada ya nyingine hadi chini, na watu wanne wakapoteza maisha. Kwa historia kama hiyo, kampuni inayoandika jina lake mahali pa wazi inawaambia wanunuzi kwamba likitokea lolote, inajulikana pa kutafutwa. Hilo ni jambo la heshima.

Hoja ya pili ni marudio. Kiwanda kinapata nafuu kwa kurudia kitu kilekile, na anayetaka kila nyumba iwe na sura yake anadai nafuu hiyo itupwe. Zaidi ya hapo, kuna umbo ambalo hakuna mbunifu aliyelichagua, maana limechaguliwa na barabara. Kontena la kawaida la mizigo lina upana wa mita 2.438, na katika Umoja wa Ulaya lori la kawaida halitakiwi kuzidi mita 2.55 bila kibali maalumu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za moduli, yaani vipande vya nyumba vinavyofika kwa lori vikiwa vimeshaundwa, huwa virefu na vyembamba, na moduli mbili zikikutanishwa hubaki mstari wima ukutani, wa upana wa kidole, kuanzia msingini hadi paani.

Mstari huo nimekaa nao sana. Mafundi wengi huuziba kwa kipande cha plastiki chenye rangi ya ukuta, na kipande hicho hupauka mapema kuliko ukuta wenyewe, kikabaki kama plasta juu ya kidonda kilichokwisha kupona. Wengine hubandika matofali bandia mbele yake ili nyumba ionekane imejengwa papo hapo, tofali juu ya tofali. Hapa niko upande wa wenye kiwanda moja kwa moja. Nyumba iliyokuja kwa lori haina haja ya kuona haya. Kiungo kikiachwa wazi, kikapigwa kwa unyoofu na kupangwa kilingane na kingo za madirisha, kinakuwa sehemu nzuri kuliko zote katika uso wa nyumba.

Lakini kuonyesha jinsi nyumba ilivyoundwa ni jambo moja, na kumvalisha mwenye nyumba sare ya kampuni ni jingine. Mfano unaonisumbua zaidi ni Lustron, nyumba za chuma zilizotengenezwa Columbus, Ohio, nchini Marekani kati ya 1948 na 1950. Carl Strandlund, aliyeanzisha kazi hiyo, alizifunika kuta zake kwa enameli, ileile ya masufuria na mabeseni, ndani na nje, na za nje zilikuwa paneli za mraba za takriban sentimita 60. Kama utambulisho, ulikuwa wa kupigiwa mfano: ukiiona moja huwezi kuisahau, wala haikuhitaji rangi mpya. Sasa fikiria jioni ya kwanza ya familia iliyohamia humo. Mtu ameshika picha ya wazazi wake na nyundo, na hana pa kupigia msumari. Ikabidi watu watundike picha kwa sumaku. Zilijengwa kama 2,500 kabla kampuni haijafilisika. Haikuanguka kwa sababu ya sura, bali kwa uzalishaji kwenda polepole na mikopo ya serikali kuielemea, na nyingine zimesimama hadi leo zikiwa na wapenzi wao. Hata hivyo ukuta unaoukataa msumari umeshaamua kwamba anayekuja kuishi hatakuwa na neno.

Mfano wa pili ni wa kinyume chake. Kuanzia 1908 hadi 1940, Sears, Roebuck, kampuni ya biashara ya Marekani, iliuza kwa katalogi zaidi ya vifurushi 70,000 vya nyumba vilivyosafirishwa kwa reli. Hazikuwa moduli, zilikuwa mbao na vifaa vya kwenda kuunganishwa kiwanjani. Mnunuzi aliweza kuigeuza ramani kulia kwenda kushoto au kuomba mabadiliko. Usoni hapakuwa na nembo. Alama za kampuni zilikuwa herufi na namba zilizopigwa kwenye mbao zilizokatwa tayari, ili fundi ajue kipi kinaungana na kipi. Leo watafiti wanashuka chumba cha chini ya ardhi na tochi kuzisaka alama hizo kwenye maboriti, na mwenye nyumba akiambiwa zimepatikana hufurahi. Ni kweli kwamba sura za nyumba zile ziliiga mitindo iliyokuwa ikipendwa wakati huo, hivyo kwa ubunifu Lustron iliziacha mbali. Lakini alama za Sears zilikuwa na kazi, na zilikaa mahali pasipomwingilia mtu.

Kampuni za sasa zinadhani zimemaliza ugomvi huu kwa kuweka orodha ya kuchagua kwenye tovuti: rangi sita, aina nne za ukuta wa nje, milango mitatu. Sioni kama ni jibu. Anayechagua katika orodha anachagua kabla hajaishi humo hata siku moja, hajajua jua la alasiri linampiga wapi wala watoto watachezea upande gani. Mkazi wa ile nyumba niliyoitembelea alikaa kwanza, ndipo akashika randa.

Mhandisi wa kampuni, mtu makini ninayemheshimu, aliponisikia alinipinga kwa jambo nisiloweza kulikwepa. "Kila tundu ni mlango wa maji," aliniambia. Mwenye nyumba akitoboa ukuta akapasua utando wa kuzuia unyevu, mbao za ndani zitaoza kimyakimya, na miaka mitano baadaye atakayelaumiwa ni kampuni. Dhamana haiwezi kubeba msumari wa kila mtu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tukibishania sura huku tatizo liko kwenye tabaka za ukuta.

Suluhisho lipo na mafundi wanalijua zamani. Ukuta uwe na ngozi mbili. Ya ndani ni ya kiwanda: kiunzi, vizuizi vya joto, na utando wa kuzuia maji, na haiguswi. Mbele yake zinapigwa fito zinazoacha nafasi ya hewa, kisha inakuja ngozi ya nje ya mbao au paneli inayofungwa kwa skrubu. Hiyo itobolewe, ipakwe rangi, ibadilishwe, mradi skrubu isiwe ndefu kuliko kina cha fito. Gharama inaongezeka, na kwa kampuni inayohesabu kila dakika ya kazi kiwandani hilo si dogo. Mimi naona ni bei ya haki. Kampuni ibaki na vipimo, viungo, maboliti na michoro. Huo ndio mwandiko wake halisi, na hakuna jirani atakayeufuta. Uso umwendee mkazi.

Kwa hiyo nimerudi na mchoro mpya. Mkanda mweusi nimeuondoa. Kiungo cha moduli kimebaki wazi kwa milimita 20, kikiwa na kivuli chake. Nembo imehamia kwenye sahani ndogo ya chuma ndani ya mlango wa kabati la mita ya umeme, pamoja na namba ya nyumba kiwandani, tarehe ilipotoka, na urefu wa skrubu unaoruhusiwa kwa ukuta wa nje. Mlango wa mbele utafika umepakwa rangi ya msingi tu, na wanaohamia wataumalizia wenyewe.

Mkurugenzi ameikubali sahani. Mlango bado anaukataa. Anasema utaonekana kama kazi iliyoachwa njiani. Mhandisi ameomba skrubu zote za ngozi ya nje ziwe za urefu mmoja ili asitokee mtu wa kukosea, na hilo nimeliingiza kwenye mchoro usiku huohuo.