Kabla hujamtumia mama kopo la vitamini

Ndugu zangu tulio ughaibuni, siku hizi anayefunga safari ya nyumbani hakosi makopo ya vitamini kwenye begi. Ni ya mama, apate nguvu. Nia ni njema kabisa, ila naomba tusikilizane.

Huku nafanya kazi ya kutunza wazee. Bibi mmoja ana kisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki, na kila asubuhi anamimina kiganjani multivitamini (kidonge cha vitamini na madini mchanganyiko), kalsiamu, magnesiamu na madini ya chuma. Nilisoma maandishi nyuma ya makopo yake: chuma kimo kwenye mawili. Hakuna aliyempima damu kabla ya kuanza. Nyumbani mama hamezi hata kimoja, nasi tunamhurumia, tukidhani wa huku wametangulia.

Sidhani wametangulia. Katika jimbo la Iowa, Marekani, wanawake zaidi ya 38,000 wa umri mkubwa walifuatiliwa kuanzia 1986. Matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha kuwa waliotumia multivitamini, na hasa chuma, walifariki kwa kiwango kilichozidi kidogo cha wasiotumia. Haithibitishi kwamba vidonge ndivyo vilivyowadhuru, maana huenda anayemeza chuma alikuwa anaumwa tangu mwanzo. Lakini ile afya tunayoinunua haikuonekana.

Na chuma kina sababu yake. Hedhi ikikoma, mwanamke hapotezi tena damu kila mwezi, kwa hiyo mahitaji yake yanashuka kutoka miligramu 18 kwa siku hadi 8. Kikizidi, mwili hauna njia rahisi ya kukitoa.

Kalsiamu pamoja na vitamini D nazo zilijaribiwa Marekani kwa wanawake 36,282 waliokoma hedhi. Mifupa ya nyonga iliimarika kidogo tu, kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mawe ya figo yakaongezeka. Ila Ufaransa mwaka 1992, akina mama wazee sana wanaoishi kwenye makao ya wazee walipopewa hizo hizo, waliovunjika nyonga walipungua waziwazi. Mwenye upungufu anafaidika. Ndiyo maana sisemi vidonge vyote vitupwe: anayeshinda ndani bila jua anaweza kuhitaji vitamini D, na anayetumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi anastahili kupimwa vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake.

Kwa hiyo pesa ya kopo itume ya vipimo. Mama akilalamika uchovu, apimwe damu kwanza. Akikutwa na upungufu wa chuma katika umri huo, daktari atafute damu inapotea wapi, pengine ni tumboni, na kidonge kitaficha tu tatizo. Muulize pia dawa anazotumia. Kama ni levothyroxine ya tezi ya shingo, kalsiamu na chuma viachane nayo kwa saa 4.