Nalipa Kiingilio, Kisha Nabeba Spika

Binamu yangu wa Muheza alinipigia simu Jumamosi ya Pasaka akanikuta nimelala kifudifudi nyuma ya jukwaa la hoteli moja hapa Uingereza, tochi mdomoni, natafuta chanzo cha mvumo uliokuwa ukitoka kwenye spika. Nikamwambia nitampigia kesho. Kesho yake alikuwa na swali moja tu: wamekulipa shilingi ngapi? Nikamjibu hawanilipi. Akanyamaza. Kwa kuwa sipendi kumficha, nikaongeza kwamba kiingilio cha mkutano nimelipa mwenyewe, na chumba cha kulala nimelipa mwenyewe.

"Kaka, yaani unalipa ili ukafanye kazi ya bure?"

Hakuwa akinikejeli. Ilikuwa huruma ya mtu aliyesikia ndugu yake ametapeliwa ugenini. Nimelibeba swali lake tangu siku ile, na leo nataka kulijibu vizuri, maana najua wengi wangeuliza vilevile.

Mkutano wenyewe ni Eastercon, unaowakutanisha kila Pasaka mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi na za maajabu. Watu hukaa hotelini tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka. Vyumba kadhaa huwa na mazungumzo tangu asubuhi hadi usiku, na kila chumba kinataka maiki, spika, projekta na mtu wa kuvitazama. Kaka yake mkubwa ni Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki hao hao, ulioanza New York tarehe 2 Julai 1939 kwa watu wapatao 200, na tangu hapo umefanyika kila mwaka isipokuwa 1942 hadi 1945, wakati wa vita. Agosti 2024 ulikuwa Glasgow, Uskoti, kwenye kumbi za SEC kando ya mto Clyde, na nilikuwepo, nikivuta nyaya.

Kwenye mikutano hii hakuna anayelipwa mshahara. Mwenyekiti analipa kiingilio. Anayelinda mlango analipa. Mimi ninayelala chini ya jukwaa nalipa. Wenyewe hawakiiti kiingilio, wanakiita uanachama, na neno hilo wanalimaanisha. Ukilipia Worldcon unakuwa mwanachama wa jumuiya iliyo nyuma yake, unapiga kura ya Hugo, tuzo za hadithi za aina hii, na ukitaka unapiga kura ya mji utakaoandaa mkutano miaka miwili mbele. Jumuiya ina katiba, na katiba inaitaka kamati ya kila mwaka itangaze mapato na matumizi yake. Hakuna kampuni moja inayoumiliki mkutano mwaka hadi mwaka. Kila mji ulioshinda kura huunda kamati yake, hufanya kazi, kisha hufunga hesabu. Kikibaki kitu, desturi ni kuwasogezea sehemu yake kamati zijazo.

Basi nikamuuliza binamu: harusi ya dada yetu mkubwa, wewe ulitoa mchango kiasi gani? Akataja, tena kwa fahari, maana alitoa kuliko alivyopangiwa. Na turubai alifunga nani? "Mimi na vijana wa mtaani." Na viti mia tatu, nani alivirudisha kwa mwenyewe usiku ule ule? Akaanza kucheka, akaona ninakoelekea. Alichanga, akahudhuria vikao vya kamati wiki baada ya wiki, akafunga turubai, akabeba viti, na hakuna aliyemwambia ametapeliwa. Shughuli ilikuwa ya kwetu. Mwenye shughuli hadai ujira.

Kazi hii mimi nilifundishwa na mjomba, Tanga, aliyekuwa akikodisha mitambo kwenye harusi na maulidi. Yeye ndiye aliyenionya nisikubali kamwe kukata waya wa ethi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, ili kunyamazisha mvumo. Wapo mafundi wanaofanya hivyo. Spika hunyamaza kweli, na siku hitilafu ikitokea, umeme unapita kwa mtu aliyeshika maiki. Mvumo wa Jumamosi ile ulitoka kwenye chaja ya kompyuta ya mzungumzaji. Kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukuta mwingine, mbali na miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, na baina ya soketi hizo mbili ethi ilikuwa imejifunga mzunguko, ikaleta ule mvumo mzito wa hezi 50 unaojulikana na kila fundi. Nilipochomoa chaja, kimya. Nikaweka kisanduku chenye transfoma ndogo katikati ya kompyuta na miksa, nikairudisha chaja, na kimya kikabaki. Dakika kumi na tano za kulala kwenye zulia la hoteli. Waliokuwa wamekaa ukumbini hawakujua lolote zaidi ya kwamba mama aliyekuwa akizungumza anasikika.

Hilo la kusikika nalithamini kuliko taa zote za rangi. Mikutano hii ina wazee wengi, wapo walioanza kuhudhuria kabla sijazaliwa, na masikio yao yamechoka. Ukizungusha waya wa kitanzi ukumbini na kuuunganisha na miksa, mwenye kifaa cha kusikilizia kilichotengenezwa kwa ajili hiyo anabadilisha swichi, na sauti inamwingia sikioni moja kwa moja, bila vikohozi na kelele za viti vya jirani. Mzee mmoja alinifuata baada ya kipindi, akanigusa bega, akasema leo hakukosa hata neno moja. Sijui mshahara gani ungenifanya nijisikie nilivyojisikia pale.

Kuna mambo ambayo hayaonekani kabisa. Maiki zisizo na waya, kwa mfano. Hapa Uingereza masafa ya redio baina ya megahezi 863 na 865 ni ya bure kwa yeyote, lakini ni membamba, yanabeba maiki chache tu kabla hazijaanza kuingiliana. Ukiwa na kumbi saba zinazopakana, lazima ukate leseni ya masafa mengine, na lazima mtu akae na karatasi apange maiki ipi ya ukumbi upi iko kwenye masafa yapi. Kwenye kikosi chetu kuna mama mmoja anayeifanya kazi hiyo nyumbani kwake mwezi mzima kabla ya Pasaka, jioni, baada ya kutoka kazini. Hatajwi kwenye ratiba.

Kuna usiku mmoja nitakaoukumbuka sana. Tangu ule mkutano wa 1939, ambapo Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walikuja wamevaa mavazi ya zama zijazo yaliyoshonwa na Myrtle, onyesho la mavazi limekuwa sehemu ya mikutano hii. Siku hizi ni jukwaa kamili, taa na muziki. Mchana washiriki hupewa dakika chache kila mmoja za mazoezi, na hapo ndipo fundi anapoyajua mavazi. Mwaka ule kulikuwa na mshiriki aliyevaa kichwa kikubwa cha ndege, amekitengeneza kwa sponji na maelfu ya vipande vya kitambaa, na tundu lake la kuonea halizidi upana wa vidole viwili. Alitwambia taa za mbele zikiwaka haoni kitu. Tukashusha za mbele, tukapandisha za ubavuni, tukabandika tepu inayong'aa kwenye ukingo wa jukwaa, na watu wawili wenye nguo nyeusi wakapangwa kusimama kwenye ngazi wamdake akijikwaa.

Muziki wa onyesho alipewa binti wa miaka 19, mwanafunzi, aliyekuja Ijumaa akisema hajui chochote. Asubuhi nilimwanzia pale pale mjomba aliponianzia mimi, kukunja waya: mzunguko mmoja kwa juu, unaofuata kwa chini, ili waya ukifunguliwa utiririke usijisokote. Alirudia mpaka mikono ikazoea. Jioni alikaa kwenye kompyuta ya muziki nami nimekaa pembeni yake, mikono magotini. Wote tumevaa hedseti, na msimamizi wa jukwaa anaita: sauti ya 9, jiandae. Kwenye hedseti kuna sheria moja isiyovunjwa. Neno "go" halitamkwi na yeyote kwa sababu nyingine yoyote, kwa kuwa likisikika vidole vinabonyeza. Likasikika. Binti akabonyeza. Kimya.

Ndege amesimama katikati ya jukwaa, haoni, anangoja muziki wake. Mkono wangu ulishaanza kunyanyuka niende kubonyeza tena. Binti hakutikisika. Alikuwa ameandika kwa penseli kwenye orodha yake, wakati wa mazoezi, kwamba faili la 9 linaanza na sekunde mbili za kimya. Alama hiyo nisingeiona hata ningekodoa macho. Muziki ukaingia, ndege akafungua mbawa, ukumbi ukapiga makofi. Ningebonyeza mimi, ningeuanzisha wimbo upya katikati na kumharibia mwenzetu kazi ya miezi.

Hapo ndipo penye jibu langu kamili kwa binamu. Mahali pa kazi ya kulipwa, binti yule asingekalishwa pale. Mteja amelipa, anataka fundi mwenye uzoefu, na ana haki. Kwenye shughuli ya wanachama, kumfundisha mgeni ni sehemu ya shughuli, na anayemngoja jukwaani ni mwanachama mwenziwe. Nimeona watu walioanzia kukunja waya kwenye mikutano hii sasa wanakula kwa kazi za kumbi za muziki.

Lakini sitaki mtu asome haya akadhani nasema kujitolea ni kuzuri popote. Miaka ya nyuma nilijiandikisha kusaidia tamasha moja kubwa la mavazi na vitabu vya katuni, kwenye jumba la maonyesho. Tikiti zilikuwa ghali, mabanda yamelipiwa, wenye tamasha ni kampuni. Nilisimama kwa muda wa saa kumi na moja. Chakula hakikuwepo. Tuliambiwa fulana ndiyo asante yetu. Mlangoni nilikutana na mabaunsa waliokuwa wanalipwa kwa saa, watu wazuri, na mmoja akaniuliza kwa mshangao kwa nini mimi sipo kwenye orodha ya malipo. Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu halikuwepo. Mwenye tamasha alikuwa mfanyabiashara, na nilikuwa nimemfungia turubai bure. Sikurudi siku ya pili.

Kwa hiyo mimi naangalia nani anashika hesabu, na kama naweza kuziona. Naangalia kama mkubwa wa shughuli naye amelipa kama mimi. Kijana wa Nairobi anayekwenda NAICCON, tamasha la mashabiki wa vitabu vya katuni, au wa Dar anayeombwa na rafiki akasimamie sauti kwenye siku ya mashabiki wa anime, zile katuni za Kijapani, ningemwambia aulize hayo kabla ya kushika spika. Kama ni biashara ya mtu, ataje bei yake bila aibu, kama vile mjomba alivyokuwa akiitaja.

Na hata hii mikutano yetu ya wanachama, naipenda kiasi cha kuilaumu. Kazi ya mitambo inaangukia watu wale wale kumi, wengi wana mvi, na kila mwaka mmoja anaumia mgongo. Siku ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: wengine wako kwenye karamu ya kuagana, sisi tunabomoa, na mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu anapewa funguo za gari la mizigo aendeshe usiku. Hilo silikubali. Nimeshasema kwenye vikao na nitasema tena: aliyebomoa jukwaa asiendeshe usiku ule, alale, gari liondoke asubuhi. Gharama ya usiku mmoja zaidi wa hoteli iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Uanachama nao ni ghali kwa kijana. Baadhi ya Worldcon zikibaki na ziada huwarudishia ada waliofanya kazi saa nyingi. Ni vizuri, ila kurudishiwa kunamsaidia aliyekuwa nayo ya kutoa. Ningependa vijana waanze kwa ada ndogo kabisa, walipe kidogo lakini walipe, wawe wanachama kamili. Chakula pia. Mikutano ya Uingereza ina desturi ya kuwapa wanaojitolea vikaratasi viitwavyo groats, jina la sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni nne, unavyobadilisha kwa chakula au kinywaji. Ni jambo la heshima, lakini kikaratasi hakimsaidii fundi ambaye hapewi nusu saa ya kuondoka kwenye miksa akale. Apewe mtu wa kumpokea.

Wiki iliyopita binamu amenitumia ujumbe. Kamati ya harusi ya mdogo wetu imeshaundwa, yeye ni katibu. Mchango nimetuma. Nimemwambia asikodi fundi, akodi spika na miksa tu, Agosti nitakuwa Muheza. Amesema atanishikia ncha ya pili ya waya, na ameuliza kama ni kweli kuna namna ya kuukunja.