Kabla Hujanunua NAS, Hesabu Uniti

Radi ilipopiga mtaani kwetu Forest, Mbeya, mwezi Februari, nyumba ya jirani iliunguza vitu vitatu: king'amuzi, ruta na NAS. Hiyo NAS, kiboksi chenye diski mbili kinachogawa mafaili kwa simu na laptopu zote za nyumbani kupitia ruta, alikuwa ameinunua kwa ajili ya picha za familia. Diski zenyewe zilipona. Tukachomoa moja, tukaiunganisha na laptopu yangu ya Windows, na pale pale likaja swali kwenye skrini: diski hii inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika, tuifomati? Jirani alishafikisha kidole kwenye kitufe. Nikamshika mkono: kufomati ni kufuta. NAS nyingi huhifadhi mafaili kwa mpangilio wa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, na Windows isipoutambua huiona diski iliyojaa kama vile haina kitu. Picha zake tulizipata siku ya tatu, baada ya kuazima kompyuta yenye Linux.

Nalieleza hili kwa sababu ushauri ninaousikia Mwanjelwa na kwenye magrupu ni mmoja: eksteno, zile diski za nje za kuchomeka kwa USB, zimepitwa na wakati, mtu makini ananunua NAS. Wanaosema hivyo si wajinga. NAS haingoji mtu akumbuke. Simu ikifika nyumbani jioni, picha za siku zinahamia zenyewe, tena bila kula bando. Diski moja ikifa, ya pili ina kila kitu. Na eksteno, kusema kweli, zinaua kumbukumbu za watu wengi: inadondoka mezani mara moja tu, inaanza kugonga tik tik ndani, na hapo ndipo mtu anatambua kwamba hakuwa na nakala nyingine popote.

Lakini hilo la mwisho ni kosa la kuwa na nakala moja. Eksteno haina hatia. Mwenye NAS peke yake naye ana kiboksi kimoja, kwenye soketi moja, chini ya paa moja. Zile diski mbili zinaigana: ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili sekunde ile ile.

Halafu kuna umeme, na hapa wauzaji huwa kimya. NAS ya diski mbili hula takriban wati 20, ruta yake wati 8 hivi, na vyote havizimwi. Piga hesabu kwa saa 24 na siku 30: ni uniti 20 kwa mwezi. Kwa mwenye biashara ni kitu kidogo. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la D1 la TANESCO, la wateja wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ni zaidi ya robo ya uniti zote kabla hujawasha taa, pasi au friji. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inakatwa kwa bei ya juu. Nimeona familia zinazoacha kupiga pasi nguo za shule mwisho wa mwezi ili zisivuke mstari huo. Kuwaambia hao kwamba eksteno ni ushamba ni kutowatendea haki. Eksteno ndogo inayokula umeme wa USB, ukiichomeka kwa muda wa saa mbili kila Jumamosi, haifikishi hata sehemu ya ishirini ya uniti moja kwa mwezi.

Kisha umeme wenyewe unakatika, unarudi kwa kishindo, na masika ya huku juu yana radi zake. NAS inahitaji UPS, yaani betri ya kuishikilia umeme unapokatika, ambayo ni gharama nyingine. Eksteno iliyo kabatini haijui kama umeme umekatika.

Wala wadukuzi hawaifikii. Juni 2021, wenye My Book Live za Western Digital, diski za mtandao ambazo programu yake haikusasishwa tangu 2015, waliamka wakakuta zimefutwa kupitia intaneti. Januari 2022, virusi vya DeadBolt vilifunga mafaili kwenye NAS za QNAP na kudai fidia kwa bitcoin. Walioponea ni wale waliokuwa na nakala nyingine mahali ambapo mtandao haufiki.

Kwa hiyo mpiga picha wa harusi pale Kabwe, mwenye vijana watatu wanaohariri video kwa pamoja, namwambia anunue NAS, na eksteno juu yake. Kwa nyumba ya kawaida nashauri eksteno mbili zenye vitu vile vile, zilizofomatiwa exFAT ili Windows na Mac zote zizisome. Moja inakaa nyumbani, ya pili inakaa mbali, na zinabadilishana zamu.

Ya pili ya kwangu iko Tukuyu kwa dada. Kule mvua haiishi na unyevu unaingia hadi kwenye masanduku ya nguo, kwa hiyo ameifungia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nikishuka kila baada ya miezi mitatu nampa iliyojazwa, narudi na ile aliyokuwa nayo. Safari iliyopita jirani yangu aliniomba nimpelekee na ya kwake.